Jajja Kuja

Mwaka ule rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ilipoteza yai la pili. Wauza chapati wa Namakwekwe, mtaa wetu hapa Mbale, wote, walianza kukunja chapati juu ya yai moja lililopigwa kwa maji na kitunguu hadi likafanana na jasho la sufuria. Baadaye wakaikunja juu ya kabichi tupu, na mteja hakugomba, kwa sababu alimwona muuzaji mwenyewe anameza mate. Mafuta yalipanda, ngano ikapanda, sabuni ikauzwa vipande vidogo kama peremende. Tukaambiwa tuache mkate, tule muhogo. Tukala muhogo. Wa kuchemsha asubuhi, wa kukaanga mchana, na jioni uji wa muhogo ambao ukiusahau kidogo unageuka gundi ya kubandikia matangazo. Mtu akikuuliza ni mwaka gani, usihangaike na namba. Mwambie mwaka wa yai moja, kila mtu wa Mbale ataitikia kwa tumbo.

Nimeukumbuka kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Khainza, jirani yangu kwa miaka thelathini, na msibani watu walikula wali na nyama na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yamepikwa kwa karanga, mpaka wakabakiza. Niliona mifupa kwenye sahani bado ina nyama. Nikasema moyoni, watu hawa wamesahau upesi. Mimi sijasahau. Mwaka ule wa njaa ndio niliopata jina, na mwaka huohuo nikalipoteza, na Khainza nikampoteza akiwa bado hai, anakohoa upande wa pili wa ukuta wangu.

Nilikuwa nimetimiza miaka sitini. Usicheke ukisikia kwamba mwanamke wa miaka sitini hakuwa na jina. Zaituni lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Wapangaji waliniita mama wa namba nne, kwa sababu muzigo wangu, hiki chumba kimoja ninachopanga, una namba nne kwa rangi nyekundu mlangoni. Watoto wangu ni watu wazima, simu zao zilikuja Idi kwa Idi. Nilikuwa nafagia chumba ambacho hakuna aliyekichafua. Naosha kikombe kimoja. Nakaa kitandani natazama pazia linalogawa kitanda na sigiri, naona kwamba nimekuwa kama sufuria iliyotoboka: haipikiwi, ila mwenyewe anaona haya kuitupa. Siku nyingine nilijilaza saa nne za asubuhi nikaomba Mungu anichukue bila kelele, maana hata kufa niliona nitawasumbua watu kwa ajili ya kitu kidogo.

Kilichoniamsha ni ngumi ya Khainza. Alikuwa anagonga ukuta mara tatu, maana yake chai imeiva. Mwanamke wa mlimani huyo, mnene, mlokole, analea mjukuu wake Esita wa miaka saba, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Mwislamu!" ananiita. "Toka huko, au malaika wamekwisha kukufunga sanda?" Nakwenda, nakaa kwenye kigoda chake, tunakunywa chai ya tangawizi tukishushia muhogo, tunasema Kiganda kilichochanganyika na Kimasaaba. Kiswahili, hata neno. Miaka arobaini na zaidi tangu nitoke Jinja sikukitoa nje. Ninyi wa pwani hamtaelewa. Hapa kwetu Kiswahili kiliingia nyumba za watu kikiwa kimevaa buti. Ukikisema sokoni, kuna mzee atatazama nyuma yako aone bunduki iko wapi. Mimi kilikuwa lugha ya mama yangu, lugha niliyonyonya, lakini nilikificha kama mtu anavyoficha kidonda chenye harufu. Nilikitumia kwa mambo mawili: kuota na kuhesabu tasbihi.

Kilitoka siku moja kwa bahati mbaya. Dereva Mkenya wa lori la vitunguu alikuwa amepotea, amesimamisha lori katikati ya Namakwekwe, boda boda zinamtukana kulia na kushoto. Akanishushia kioo. "Mama, samahani, hii njia inatokea Industrial?" Kabla sijajua, maneno yalinitoka kama kuku waliofunguliwa banda: rudi nyuma, pita kwa fundi wa mbao, ukiona kisima kata kushoto, na upunguze mwendo, kuna watoto. Dereva akacheka, "Asante, mama yangu, kumbe uko nyumbani!" Nilipogeuka, nyuma yangu alisimama Madamu Nandutu, mwenye ile shule ndogo ya mabati, mdomo wazi.

"Jajja!" akasema, yaani bibi kwa Kiganda. "Kumbe unajua!"

"Sijui kitu."

"Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Serikali imesema lazima tufundishe Kiswahili. Nina watoto mia na kitabu kimoja, na hakuna mwalimu anayemaliza ukurasa bila kukwama."

"Madamu, mimi niliishia darasa la nne."

"Sitafuti shule yako. Natafuta mdomo wako."

Nilikwenda Jumatatu nikiwa nimevaa gomesi, lile vazi refu la heshima la Kiganda, niliyoivaa arusi ya binti yangu. Chumba nilichopewa kilikuwa na watoto sitini, madawati kumi na tano, na joto la bati linaloshuka kichwani kama chapati ya moto. Sikujua kufundisha. Nilijua kuita tu. Kwa hiyo nilisimama mlangoni na sahani ya muhogo wa kukaanga nilioukata vipande vidogo, nikaita mmoja mmoja kwa jina, kama mama yangu alivyotuita kule Kimaka, mtaa wa kando ya kambi ya jeshi Jinja, wakati chakula kikiwa tayari: "Esita, kuja! Kuja kula!" Mtoto anakimbia, anapokea kipande, anasema "asante, nimekuja." Hilo ndilo somo. Mwisho wa juma wote sitini walijua kuja, kula, kaa, asante, tamu, moto, ngoja. Mwisho wa mwezi walikuwa wanagombana kwa Kiswahili. "Wewe napiga mimi kwa nini?" "Mimi hapana piga, wewe nakanyaga mguu yangu!" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Na wakaniita Jajja Kuja. Nikipita njiani, kutoka nyuma ya vibanda, kutoka kwenye mti wa mapera, kutoka chooni: "Jajja Kuja! Jajja Kuja!" Hata fundi wa mbao akaniita hivyo. Kila asubuhi niliamka kabla ya ngumi ya Khainza, nikakata muhogo, nikajitazama kwenye kioo kilichopasuka, nikamwona mtu. Naandika haya bila haya: nilikuwa na furaha kama bibi arusi, na njaa ile ya mwaka ule sikuisikia.

Muhula wa pili, jioni moja, nikasikia upande wa pili sahani inaanguka, halafu kimya. Nilitoka. Esita alikuwa amesimama mlangoni mwao, mkono umenyooka, analia kwa kuwa hakujua amekosa nini. Alikuwa amemwandalia bibi yake malewa, akamwita kwa maneno aliyofundishwa: "Kukhu, kuja! Kuja kula!" Kukhu ni bibi kwa lugha yao. Khainza alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu mbele, chakula kimemwagika kwenye gomesi. Aliponiona, hakuniita Mwislamu.

"Wewe ndiye unayewafundisha neno hilo?"

"Neno gani, Khainza?"

"Sitalisema nyumbani mwangu." Akafuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nilikuwa msichana. Waliingia uani kwetu watatu, na nguo zao za kijeshi. Kaka yangu alikuwa anamenya ndizi. Mmoja akamwonyesha kidole, akasema lile neno. Kaka yangu hakujua Kiswahili. Alidhani ni salamu. Alicheka, Zaituni. Akainuka akicheka, akawafuata, na kisu cha kumenyea mkononi. Ndilo neno lake la kwanza la Kiswahili, na la mwisho."

Nilikuwa na la kumwambia, na ningelisema, leo nisingekuwa naandika hivi. Lakini mimi ni mwanamke wa kiburi, na kiburi changu kilikuwa kimeonja jina jipya. Nilisema, "Neno halina kosa. Kosa ni la mtu."

"Basi fundisha lingine. Yako mengi."

"Hilo ndilo langu."

"Basi lale na wewe," akasema, akafunga mlango. Kesho yake ukuta haukugongwa. Wala keshokutwa.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi, bwana mmoja mwenye miwani na viatu visivyojua matope, pamoja na mwalimu kijana kutoka Kenya, Madamu Mueni, mwenye cheti. Walikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. Mimi nikafanya somo langu. Nikaita, wakaja, wakala. Nilidhani nitapigiwa makofi. Bwana akasimama, akachukua chaki, akaandika neno ubaoni.

"Jajja, kazi nzuri. Lakini 'kuja kula' si Kiswahili. Ukimwita mtu unasema njoo. Watoto, semeni njoo."

"Njoooo," wakasema, wakacheka, wakatazama mdomo wangu.

"Na wewe, mama. Waonyeshe."

Madamu Nandutu akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kiganda, jasho linamtoka. "Jajja, sema tu. Mpaka Khainza amekuja kwangu kulalamika, wazazi wengine wanaanza. Ukisema njoo, wote wanaridhika. Ni neno moja. Herufi nne."

Nikahesabu kwa vidole mbele yao: k, u, j, a. "Na hili ni nne," nikasema.

"Mama," akasema mkaguzi, kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "hatukuvunjii heshima. Tunataka watoto wafaulu. Hili lako ni Kiswahili cha kambini."

Sahani ya muhogo ilikuwa inapoa mkononi mwangu. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Siwezi kusema njoo. Aliyeniita alisema kuja."

Ndivyo ilivyokwisha. Hawakunifukuza kwa fujo, watu wa shule hawafukuzi hivyo. Walinipa chai na daddies kwenye karatasi, vile vibiskuti vya kukaanga, wakanishukuru. Siku ya Ijumaa nilirudi kuchukua sahani yangu. Nilipopita nyuma ya jiko, Madamu Mueni alikuwa kwenye simu, mkono mmoja umeziba sikio. "Kevo! Kuja uongee na mami! Kuja haraka, airtime inaisha!" Nilisimama. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea yenyewe. Alinigeukia, akashika kifua.

"Haki, mama, umenishtua."

"Umesema kuja."

Akaona haya. Msichana mzuri, sina ugomvi naye. "Mama, hiyo ni ya nyumbani. Hii ya hapa ni ya mtihani."

"Mimi nina ya nyumbani tu," nikamwambia, nikachukua sahani yangu.

Nililala wiki nzima. Hakuna aliyegonga. Nilisikia Khainza akipuliza sigiri, nikasikia maji yakichemka, nikasikia akimimina kikombe kimoja na kijikombe cha Esita. Ukuta ule una upana wa tofali moja. Nikapanda basi kwenda Jinja, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Sikumwambia mtu. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kimaka kumenyooka siku hizi, kuta nyeupe, majani yamekatwa sawasawa kama nywele za kijana wa shule. Nyumba yetu haipo. Lakini kona ya barabara ipo, na mimi nilikwenda kwa ajili ya kona. Mwaka ule wa zamani, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, tulikuwa tunakula maembe mabichi kwa chumvi, na chumvi yenyewe ya kugawana kwa ncha ya kidole. Askari walikuwa wamekimbia. Waliobaki ni sisi tuliosema lugha yao, na watu walianza kututafuta nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya mambo ambayo mama yangu, muuza mandazi, hakuyafanya. Jirani yetu mmoja, Msoga kwa kabila, alikubali kunipakia kwenye lori la mahindi pamoja na wanawe. Alinivika gomesi, akaniambia, "Wewe ni mwanangu. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili, tunakufa wote." Mama alikuwa apande lori la pili. Nimekaa juu ya magunia, lori limezuiwa na vijana wenye mapanga na rungu, wanatazama uso mmoja mmoja, ndipo nikasikia sauti yake kutoka upande ule wa barabara. Alikuwa ameona kitu. Sijui aliona nini. Labda lori la pili halipo. Labda alibadili nia, alitaka tufe pamoja. Alikuwa anakimbia, kanga imemwanguka kichwani.

"Zaituni, kuja! Kuja, mwanangu!"

Kijana mmoja akauliza kwa Kisoga, "Anamwita nani yule?" Nilitazama vidole vya miguu yangu. Vilikuwa na vumbi la mahindi. Nilivihesabu, kumi, nikarudia, kumi. Jirani akasema, "Kichaa tu." Lori likaondoka. Aliita tena mara mbili, naweza kukuonyesha hadi leo ni wapi sauti ilikatika. Sikumwona tena, wala kaburi lake hakuna anayelijua.

Nilisimama kwenye kona hiyo miaka arobaini na kitu baadaye, jua la saa saba juu ya kichwa, na askari kijana wa lango akaniona nayumba. Akaja mbio, akavua kofia. "Mama, shikamoo. Njoo huku kivulini, njoo upumzike." Njoo, alisema. Askari! Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumlalia begani. "Asante, afande," nikasema, nikakaa kwenye kivuli chake kama mgonjwa, nikanywa maji yake. Hata wao wamejifunza kuita vizuri. Ni mimi niliyebaki na neno la zamani, kwa sababu nina deni la kuliitikia, na anayepaswa kuitikiwa hayupo.

Nilirudi Mbale nikijiambia nitagonga ukuta mimi. Nitagonga mara tatu, nitamwambia Khainza: kaka yako aliitwa akaenda, mimi niliitwa nikakataa, neno ni lilelile, tukae tunywe chai. Niliinua ngumi jioni hiyo. Niliishusha. Nikasema kesho. Watoto wa njiani waliacha kuniita, walipata wimbo mwingine. Nikawa tena mama wa namba nne. Kesho zikawa miaka. Nilimsikia akianza kukohoa, nikasikia kikohozi kinashuka kutoka kooni hadi kifuani, nikasikia Esita, sasa msichana mrefu, akimsomea Biblia, na bado ngumi yangu haikujua njia. Usiniambie kwamba uzee unaleta hekima. Kwangu ulileta masikio tu.

Msibani nilikaa na Waislamu wachache karibu na masufuria. Madamu Nandutu alikuja na sahani, akaketi kando yangu, amezeeka naye, meno mawili hayapo. Alinipa malewa kwa mkono wake.

"Jajja Kuja," akasema. Nani alikuwa ameniita hivyo tena? "Mueni amerudi kwao. Tangu muhula uliopita watoto hawana mtu. Nimeleta wawili wenye vyeti, wanasoma kitabu kama wanasoma risiti. Watoto hawacheki. Rudi."

Chakula kilikuwa kizuri, karanga zimesagwa vizuri, nami nikakigeuzageuza tu kwa kidole.

"Nilikwenda kumwona Khainza kabla hajafa," akaendelea. "Nilimwomba ruhusa. Ndiyo, usinitazame hivyo, nilimwomba, kwa sababu najua yaliyopita kati yenu. Alisema sawa. Alisema anakusikia kila asubuhi unafagia chumba kilicho safi, na inamuuma. Alisema, mwambie arudi kwa watoto, aseme tu lile neno lingine. Hakutaka zaidi. Kisha akagonga ukuta, Jajja, akiwa amelala hivyo hivyo. Mara tatu. Hukusikia?"

Nilisikia. Nilisikia nikadhani ni kitanda.

Watu walikuwa wanaimba pale kaburini. Esita alikuwa anakusanya sahani, akafika mbele yangu, akasimama, akanitazama kama anangoja nimwite. Mdomo wangu ulifunguka. Kila nilichokitaka tangu siku ile kilikuwa kimewekwa kwenye mkeka: watoto, asubuhi, jina, hata msamaha wa marehemu, na bei yake herufi nne.

"Jajja," akasema Nandutu, akinishika goti, "sema basi. Kwa ajili yake."

Niliweka sahani chini. Sikuona kama ni ushujaa, na sioni hata sasa ninapoandika. Nilisema kwa Kiswahili, polepole, na Esita akasikia:

"Siwezi kusema njoo. Aliyeniita alisema kuja."